Acheni Kupima Kinga ya Ubongo Juu ya Plastiki

Wagonjwa 369. Kisha 560. Kisha 716. Hawa ni watu wenye glioblastoma, saratani kali inayoanzia kwenye ubongo, walioandikishwa katika majaribio makubwa matatu ya mfululizo wa CheckMate ili kupima dawa iitwayo nivolumabu. Dawa hiyo huziondolea breki seli T za kinga ya mwili ziweze kuishambulia saratani. Kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu na ile ya ngozi iitwayo melanoma imeokoa maisha, na hilo halina ubishi. Kwenye ubongo ilishindwa mara zote tatu. Katika jaribio la kwanza, nusu ya waliopewa nivolumabu hawakuvuka miezi 9.8. Wenzao waliopewa bevacizumabu, dawa iliyokuwapo tangu zamani, nusu yao hawakuvuka miezi 10.

Jaribio la pili ndilo linaloniuma zaidi. Humo walikuwamo wagonjwa wapya, wote wakipigwa mionzi. Kundi moja lilipewa temozolomaidi, kidonge cha kawaida cha ugonjwa huu. Kundi la pili halikupewa kidonge hicho, likapewa nivolumabu badala yake. Kufikia miezi 13.4 nusu ya kundi hilo walikuwa wamefariki. Waliobaki na kidonge cha zamani walifika miezi 14.9. Tofauti hiyo ni mwezi mmoja na nusu, na kwa mtu aliyeambiwa kwamba amebakiwa na mwaka mmoja hivi, mwezi na nusu ni mali.

Nitaambiwa kwamba sayansi ndivyo ilivyo, dawa nyingi hushindwa. Najua kwamba hushindwa. Ninachokidai ni maelezo ya yaliyofanyika kabla mgonjwa wa kwanza hajatundikiwa dripu. Dawa inayolenga seli za kinga ndani ya uvimbe wa ubongo wa binadamu ilipimwa wapi?

Ilipimwa kwa panya. Uvimbe unaotumiwa zaidi katika utafiti wa kinga dhidi ya saratani ya ubongo unaitwa GL261, nao ulianzishwa mwaka 1939 kwa kupandikiza kemikali inayosababisha saratani ndani ya ubongo wa panya. Kwa sababu umetokana na kemikali, vinasaba vyake vimejaa mabadiliko kwa maelfu, na kinga ya panya inauona kirahisi. Glioblastoma ya binadamu ina mabadiliko machache sana ukilinganisha na huo, nayo inajua kujificha. Panya wengi waliopewa dawa za aina ya nivolumabu walipona. Majarida yakachapisha, makampuni yakafungua hazina zao, na wagonjwa wakasaini fomu.

Kuna panya wa aina ya pili, na hawa hali yao ni mbaya zaidi kwa kazi hii: panya waliozalishwa bila kinga kamili ili wasiukatae uvimbe wa binadamu utakaopandikizwa kwao. Hawana seli T. Ukitaka kujua kinga inafanya nini ndani ya uvimbe, unamchukuaje mnyama uliyemwondolea kinga?

Halafu ipo sahani ya plastiki. Tangu Richard Petri aieleze mwaka 1887, sahani bapa imekuwa uwanja wa karibu kila kitu tunachokijua kuhusu seli, na siidharau. Lakini tazama jinsi ilivyotumika katika ugonjwa huu. Seli maarufu kuliko zote katika maabara za glioblastoma zinaitwa U87. Zilitolewa kwa mwanamke wa miaka 44 huko Uppsala, Sweden, katika miaka ya 1960. Mwaka 2016 watafiti wa Uppsala wenyewe walilinganisha seli zinazouzwa duniani kwa jina hilo na tishu ya awali waliyokuwa wameihifadhi. Hazikulingana. Seli ambazo maabara nyingi zimekuwa zikizinunua zilitoka kwa mtu mwingine asiyejulikana. Kwa miongo kadhaa watu wamepata shahada na uprofesa kwa seli wasizozijua asili yake, na ugunduzi huo ulipotoka kazi iliendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Hata zingekuwa ndizo, zisingetosha. Uvimbe wa ubongo haujaundwa na seli za saratani peke yake. Ndani yake zimo mikroglia, seli za kinga zinazoishi ubongoni maisha yote, ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizieleza mwaka 1919. Zimo pia makrofaji zinazoingia kutoka kwenye damu. Kwa pamoja zinaweza kufika theluthi moja hadi nusu ya seli zote za uvimbe. Zilikuja kulinda, lakini uvimbe umezigeuza: unazirushia vichocheo vinavyozifanya zitoe protini za kuzituliza seli T, zisafishe njia ya saratani kupenya, na ziilishe. Mgonjwa anakufa huku nusu ya uvimbe wake ikiwa ni walinzi wake mwenyewe waliobadili upande. Anayeotesha seli za saratani peke yake kwenye plastiki, kisha akatangaza kwamba amepima tiba ya glioblastoma, ameacha nje nusu ya ugonjwa.

Basi ziongezwe mikroglia kwenye sahani, utasema. Zimeongezwa, na hapo ndipo plastiki inapoonyesha ubaya wake wote. Ndani ya ubongo hai, mikroglia ina mikono myembamba yenye matawi, inayonyooka na kujikunja dakika hadi dakika ikipapasa jirani zake. Ipo kwenye tishu laini mno, yenye asidi ya hayaluroni kwa wingi na oksijeni kidogo. Ihamishie kwenye plastiki ngumu kuliko ubongo kwa zaidi ya mara milioni moja, kwenye kabati lenye oksijeni ya hewa ya kawaida, uimwagie majimaji ya damu ya ndama. Inakunja mikono na kutanda kama ukoko. Mwaka 2017 watafiti wa California walizichukua mikroglia za watu waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa ubongo, wakazisoma vinasaba vyake kabla na baada ya kuoteshwa. Vinasaba vinavyoifanya mikroglia kuwa mikroglia vilizimika kwa haraka na kwa wingi. Kuisoma kinga ya ubongo kwa namna hiyo ni sawa na kujifunza kuogelea kwa samaki aliyelazwa juu ya jamvi.

Wanaosema nakuza mambo wakumbuke London, tarehe 13 Machi 2006. Katika hospitali ya Northwick Park, vijana sita wenye afya njema walidungwa dawa mpya ya kinga iitwayo TGN1412, kwa dozi ndogo mara 500 kuliko ile iliyowekwa kuwa salama kwa nyani. Ndani ya saa chache viungo vyao vilianza kushindwa kufanya kazi. Waliponea chupuchupu. Nyani hawakuwa wameonyesha dalili ya hatari kama hiyo, na seli za damu ya binadamu maabarani hazikuwa zimeonyesha lolote vilevile. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walichukua seli zilezile za damu, wakaziweka kwanza kwa siku mbili zikiwa zimesongamana na kugusana, jinsi zinavyokaa ndani ya tishu, ndipo wakazipa dawa ileile. Zikalipuka. Hatari ilikuwa ionekane maabarani kabla ya kijana yeyote kulala kitandani. Kilichoificha ni jinsi seli zilivyotawanywa. Sioni namna mtu anavyoweza kulisoma tukio hilo kisha akaendelea kusema mpangilio wa seli ni jambo la mapambo.

Mpangilio ndio shabaha ya modeli za pande tatu. Seli huoteshwa zikiwa zimezungukwa na nyingine juu, chini na pembeni, ndani ya jeli laini au bila jeli, zikijikusanya kuwa tufe. Oksijeni haipenyi mbali kwenye tishu isiyo na mishipa, huishia kama sehemu ya kumi au mbili ya kumi ya milimita. Kwa hiyo tufe likikua, katikati yake hukosa hewa na kufa, kama kitovu kilichokufa cha glioblastoma kwa mgonjwa. Makrofaji zinazopenda kujikusanya kwenye sehemu zenye njaa ya oksijeni zinapata mahali pa kujikusanya. Seli T inalazimika kupenya ili iue. Juu ya plastiki hailazimiki kupenya popote, inaangukia tu shabaha yake.

Nataka msomaji aone jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu wengi wakisikia maneno haya hudhani ni mambo ya mashine za ajabu. Mwaka 2020 kundi la Hongjun Song na Guo-li Ming wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, lilichapisha njia yao. Uvimbe unatoka chumba cha upasuaji ukiwa hai, ndani ya kimiminika baridi. Chini ya hadubini mtu anaukata kwa mikasi midogo kuwa vipande vya ukubwa wa milimita moja hivi, akitupa sehemu zilizokufa. Havisagwi kuwa seli moja moja, wala haviongezewi vichocheo vya kukuza. Vinawekwa kwenye kimiminika cha lishe, juu ya mashine inayozunguka, ndani ya kabati la nyuzi joto 37. Kingo zilizochanika zinajifunga, na ndani ya wiki moja hadi mbili kila kipande kimekuwa organoidi ya mviringo, yenye seli za aina mbalimbali kama uvimbe wa mgonjwa mwenyewe. Watafiti hao walivipima vipande hivyo kwa seli T zilizobadilishwa vinasaba ziwinde alama fulani ya saratani, wakaona ni uvimbe wa nani uliovamiwa na wa nani uliosalimika. Majibu ya namna hiyo yanaweza kupatikana mgonjwa akiwa bado yu hai.

Huko Basel, Uswisi, walikwenda mbali zaidi, na mimi kazi hiyo naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Walichukua vipande vya glioblastoma kutoka katikati ya uvimbe na vingine kutoka pembezoni, vyote vikiwa na seli zake za kinga, wakavitunza ndani ya chombo ambamo kimiminika hupita katikati ya tishu badala ya kukaa juu yake. Wakavipa dawa ya kuondoa breki za seli T, na nyingine ya kuzima alama ya CD47 ambayo saratani huitumia kuziambia makrofaji zisiile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Vipande vya katikati viliamka. Kinga ilitoa interferoni ya gama na seli zikabadili mpangilio. Vipande vya pembezoni havikuamka.

Mpasuaji huondoa sehemu ya katikati. Ya pembezoni, iliyojichimbia ndani ya ubongo unaofanya kazi, hawezi kuikata yote bila kumpooza mgonjwa au kumnyang'anya usemi, na ndiko ugonjwa unakorudi. Vipande vidogo vya tishu kutoka kwa watu wachache vilionyesha jambo ambalo majaribio ya mamia ya wagonjwa hayakuwa yameundwa hata kuliuliza. Siapi kwamba jaribio la namna hiyo, lingefanywa mapema, lingezuia yote yaliyotokea katika CheckMate. Ninachosema ni kwamba swali hilo lilipaswa kuulizwa kwanza, na watu walioandikishwa walistahili liulizwe.

Lakini sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa watengenezaji wa modeli hizi. Nao wana lao la kujibu. Tangu Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich wa Vienna waoneshe mwaka 2013 kwamba seli shina zinaweza kujijenga kuwa kijubongo maabarani, kila maabara inataka organoidi yake, na picha zake zinapendeza kwenye jalada la jarida. Ukiuliza mikroglia ziko wapi, kimya. Mikroglia hazitokani na tabaka la kiinitete linalotoa ubongo. Huanzia kwenye kifuko cha kiini cha yai na kuhamia ubongoni mapema kabisa mimba ikiwa changa. Kwa hiyo kijubongo kilichooteshwa kwa kawaida hakina mikroglia mpaka mtu aziweke kwa makusudi. Wengi hawaziweki. Wanapandikiza saratani ndani ya kijubongo kisicho na mlinzi hata mmoja, kisha wanaandika kwamba wamejenga upya mazingira ya uvimbe. Hata vipande vile vya Philadelphia, seli zake za kinga hupungua kadiri wiki zinavyopita, na anayevitumia baada ya miezi akizungumzia kinga anazungumzia kitu kilichokwisha kutoweka.

Na jeli yenyewe! Maabara nyingi zinatumia Matrigel, inayokamuliwa kutoka kwenye saratani ya panya. Imejaa laminini na kolajeni, protini ambazo katika tishu ya ubongo si nyingi isipokuwa kuzunguka mishipa ya damu, na kila chupa hutofautiana na iliyotangulia. Ubongo umejengwa kwa asidi ya hayaluroni, na jeli za asidi hiyo zipo, zinatengenezeka, ulaini wake unapangika. Makrofaji ni seli zinazosoma mazingira yake na kubadilika kulingana nayo. Kuzizamisha ndani ya majimaji ya saratani ya panya kisha kutaka zijibu kwa niaba ya mgonjwa ni uzembe, na wahakiki wa majarida wanaoupitisha wanashiriki uzembe huo.

Wanaopinga husema modeli hizi ni ghali, ni za polepole, na matokeo hutofautiana kati ya kipande na kipande. Kwanza, kutofautiana huko ndiko ugonjwa wenyewe. Glioblastoma ya mtu mmoja ina sehemu zisizofanana, na sahani inayotoa jibu moja safi kila mara imefanya hivyo kwa kuukata ukweli. Pili, kuhusu gharama, waweke kwenye hesabu dawa iitwayo PLX3397. Mwaka 2013 panya wa New York walionyesha kwamba ukizuia kipokezi cha CSF-1 ambacho makrofaji hukitegemea, uvimbe hunywea. Yalikuwa matokeo ya kusisimua. Dawa ya aina hiyo, PLX3397, ikapewa wagonjwa 37 ambao glioblastoma yao ilikuwa imerudi, na matokeo ya mwaka 2016 yakaonyesha haikuwasaidia. Mwaka huohuo ndipo ilipochapishwa kazi iliyoeleza kwamba hata kwa panya uvimbe mwingi hurudi, kwa sababu makrofaji hugeuka na kuilisha saratani kwa kichocheo kingine, IGF-1. Maelezo yalifika pamoja na taarifa ya kushindwa, wakati yalitakiwa yatangulie. Mgonjwa aliyeingia jaribio hilo hakuwa na muda wa kuingia lingine.

Modeli bora pia zina mapungufu. Tufe la seli halina uboho wa mifupa, na tunajua tangu 2018, kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Duke, kwamba wagonjwa wa glioblastoma hupoteza seli T kwenye damu kwa sababu zimefungiwa ndani ya uboho. Hilo halitaonekana kwenye tufe. Lakini kuna yanayoweza kuongezwa leo bila uvumbuzi wowote na hayaongezwi. Wagonjwa wengi wanaingia matibabu wakiwa wanatumia deksamethasoni ya kupunguza uvimbe wa maji ubongoni, dawa inayozilaza seli T. Ni majaribio mangapi ya maabara yanayoiweka deksamethasoni kwenye kimiminika cha lishe? Chupa yake iko kwenye kila duka la dawa.

Marekani ilipitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2022 kuondoa sharti la kupima kila dawa kwa wanyama kabla ya binadamu, na Aprili 2025 mamlaka yake ya dawa, FDA, ikatangaza mpango wa kupunguza wanyama katika kupima dawa za kingamwili, kundi ambalo nivolumabu imo. Mlango umefunguliwa, ila hakuna anayelazimishwa kupita. Kwa dawa yoyote inayolenga seli za kinga za ubongo, nataka sharti: itolewe data kutoka tishu ya binadamu ya pande tatu, yenye mikroglia na makrofaji zilizothibitishwa kuwapo siku dawa ilipowekwa, kutoka katikati na pembezoni mwa uvimbe, na matokeo yachapishwe yakiwa mazuri ama mabaya. Mfadhili asitoe fedha bila hayo.

Sisi huku Afrika Mashariki tusijione watazamaji. Mwaka 2016 jarida la Cell lilichapisha utafiti uliolinganisha makrofaji za Wamarekani wenye asili ya Afrika na za wale wenye asili ya Ulaya zilipokutana na bakteria. Za wenye asili ya Afrika zilijibu kwa ukali zaidi kwa wastani. Ikiwa makrofaji ndizo karibu nusu ya uvimbe, modeli iliyojengwa kwa tishu za Basel na Philadelphia peke yake haimzungumzii mgonjwa wa Temeke wala wa Kisumu. Uvimbe wa ubongo hupasuliwa katika taasisi ya MOI pale Muhimbili, hupasuliwa hospitali ya Kenyatta, hupasuliwa ile ya Mulago. Tishu inayotumbukizwa kwenye formalini hufa papo hapo; umbo linabaki, mazungumzo ya seli yanakoma. Kipande kimoja kwa ajili ya daktari wa patholojia, cha pili kwenye kimiminika baridi kwa ajili ya maabara, kwa ridhaa ya mgonjwa na tishu ikibaki mikononi mwa taasisi zetu: vyuo vikuu vyetu vina watu wanaoweza kuikata, kuizungusha na kuihesabu, wakipewa kabati, umeme usiokatika na fedha za kimiminika cha lishe. Wizara zinazopanga bajeti za saratani ziandike kifungu hicho.

Na mgonjwa anayeletewa fomu ya kuingia jaribio la dawa ya kinga ana haki ya kuuliza kabla hajashika kalamu: hii mmeipima kwenye uvimbe wa mtu, ukiwa na seli zake za kinga, au mmeipima kwenye plastiki na panya? Kamati ya maadili iliyopitisha jaribio hilo iwe na jibu lake kwa maandishi, ndani ya fomu hiyohiyo, kwa Kiswahili anachokielewa.